Bado Mmoja, Tuende

Watu wa hapa Wamagana wananiambia nimsamehe Gicheru. Ati mimi ni mama wa kanisa, ati mavi ya kale hayanuki. Yananuka! Nikipita steji kila asubuhi yananuka, na wacha nikuambie kwa nini.

Gicheru ni mwenyekiti wa steji ya kwenda Nyeri mjini. Hapa kwetu gari haiondoki mpaka ijae, hiyo kila mtu anajua. Lakini hakuna anayependa kuingia gari tupu, kwa hivyo Gicheru anakodi watu wa kukaa ndani wakijifanya abiria. Wewe ukiona kumebaki kiti kimoja, unaingia mbio. Kumbe! Makanga anapiga bodi ya gari mara mbili, anaita, "Bado mmoja, tuende!" na hapo mmoja wa wale waongo anashuka polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Abiria wa kweli akiingia, wa uongo anashuka. Na wewe umekaa tu.

Maitu, mama yangu mzazi, alibanwa na kifua asubuhi moja ya mvua. Nikamkimbiza steji tuende hospitali, nikampakia kwenye gari niliyoona imejaa. "Bado mmoja, tuende!" Wakaanza kushuka, huyu na yule, na kwa ile mvua hakuna abiria wa kweli aliyekuja, mpaka tukabaki sisi wawili na viti vitupu. Nilimwomba Gicheru tuondoke, nikamshika hata koti. Akaniambia, "Vumilia kidogo, mathe. Gari haitembei na hewa." Maitu alikata roho kwenye kiti cha nyuma, gari ikiwa bado pale pale steji, makanga akiita watu. Kwenye matanga Gicheru alituma kreti ya soda. Niliimwaga yote nyuma ya zizi la ng'ombe.

Tangu hapo nimekuwa nikichoma mahindi ng'ambo ya steji, uso wangu ukielekea kwake. Watu walidhani natafuta wateja. Nilikuwa namngoja.

Mwaka huu kaunti ikaleta mpango: mabasi ya kuondoka kwa saa, yajae yasijae, kutoka hapa mpaka Nyeri, na yakifika mjini yapewe njia yao yenyewe yasikwame kwenye msongamano. Afisa wa mpango alikuwa Mutanu, binti wa kutoka Machakos, mpole lakini haogopi mtu. Alitutangazia kwamba wenyeji watainua mikono ukumbini. Tukikubali, mabasi yatakuja. Tukikataa, yatapelekwa barabara nyingine. Nikajua siku yangu imefika. Mabasi hayo yakija, Gicheru hatakuwa tena na mgonjwa wa kumwambia avumilie.

Siku ya mkutano nilifika mapema pamoja na majirani. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni! Wachuma majani chai, walimu, akina mama na watoto mgongoni, sote tukabaki nje tukikanyaga matope. Nikachungulia mlangoni. Ngai! Mstari wa mbele alikuwa mzee Wambugu na ule mkoba wake wa ngozi usio na kitu ndani. Kando yake Wangui wa miwani. Nyuma yao Griffins, amelala mdomo wazi. Walikuwa wale wale waongo wa steji. Gicheru alikuwa amejaza ukumbi vile anajaza gari, na yeye mwenyewe ameketi katikati yao akitafuna kijiti.

Hasira ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Halafu nikaangalia ule mlango. Ni wa mabati.

Nikaupiga kwa kiganja mara mbili, nikaita kwa sauti yote ya kifua changu, "Bado mmoja, tuende!"

Mzee Wambugu akainuka. Haki ya Mungu, aliinuka hata bila kufikiri, akachukua mkoba wake, akatoka akinipita kama hanijui. Jirani yangu Wachuka akaingia, akakalia kile kiti. Nikapiga tena. Wangui akatoka, miwani mkononi. Majirani nao wakashika ile kelele, mabati yakalia, na wale waongo wakawa wanainuka, wengine kwa mazoea, wengine kwa aibu ya kubaki, huku watu wa kweli wakiingia kukaa.

"Kaeni chini, wajinga nyinyi!" Gicheru akafoka. "Nani amewaambia mshuke?"

Watu wakaangua kicheko. Mshuke! Ndani ya ukumbi!

Mutanu hakucheka. "Mwenyekiti," akauliza, "kwani hawa ni watu wako?"

Gicheru akakitema kile kijiti.

Wanaotaka mabasi walipoambiwa wainue mikono, sikuona hata ukuta wa mbele. "Na wanaokataa?" Mutanu akauliza. Gicheru akainua wake. Akageuka kulia, akageuka nyuma, akitafuta mwenzake.

"Mmoja," Mutanu akasema.

Nilikuwa nimeshasogea mpaka kiti chake. Nikainama sikioni pake. "Vumilia kidogo, Mwenyekiti," nikamwambia. "Bado mmoja."

Akaniangalia, na nikaona amemkumbuka Maitu. Vizuri. Amkumbuke kila basi likiondoka.