Kiti cha Mzee Etungano

Anastasie alipoepua bugali saa sita mchana, mume wake, Mzee Etungano, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake akingoja ndakala, dagaa wa ziwani. Alikuwa amekufa tangu mvua za mwaka 1954, miaka miwili sasa, na hakuwahi kuchelewa chakula hata siku moja. Mwanawe Anatole alimnawisha mikono kama kawaida.

Siku hiyo bwana wa serikali ya Kibelgiji alishuka Baraka kutoka Fizi, pamoja na karani wake Placide. Alimwomba mzee asimame, kisha akakizunguka kiti mara tatu. Mzee alikichonga mwenyewe ujanani, gogo moja bila kiungo, na miaka arobaini ya kukaliwa ilikuwa imekilainisha kama shavu.

“Bwana anasema hii haiko kiti,” Placide alitafsiri. “Iko kitu ya uzuri. Na kitu ya uzuri iko ya kuangalia tu, bila kutaka kuitumikisha.”

“Mwambie matako yangu ndiyo inajua uzuri yake,” mzee akajibu. “Macho iko mugeni tu hapa.”

Placide hakulitafsiri hilo. Alifungua daftari.

“Mzee, humu we uko mufu. Mufu hana kitu.”

Daftari halikusema uongo, basi kiti kikapakiwa garini.

Huko Fizi kiti kiliwekwa ndani ya kabati la kioo. Mzee alipanda milima siku nzima kwenda kukiona. Askari alimruhusu kuangalia, mikono nyuma. Aliporudi alisema kimepakwa mafuta na kinang’aa sana, ila kimepoa.

Anatole alikuwa na mikono ya baba yake, Baraka nzima ilijua. Akachonga kiti kingine. Lakini alichonga huku sikio likiwa barabarani, na kila mahali ubao ulipotaka kupendeza aliuharibu kwa tezo, ili bwana asikitamani.

Mzee akakaa. Akainuka.

“Inaniunguza, mutoto wangu. Ulichonga na woga.”

“Nilitaka wakuachie, baba.”

“Najua. Hii wataniachia.”

Anatole alichonga cha pili, kisha cha tatu, safari hizi kwa moyo wote. Vyote viliunguza. Mikono ilikuwa imeshazoea woga.

Mzee akawa anakula wima, mgongo ukutani. Katika nyumba ile mtoto hakai baba yake akiwa amesimama, basi Anatole naye akasimama. Anastasie akainua sahani mikononi, wakawa wanamega hivyo, mchana baada ya mchana, miguu ikiwavimba.

Mwezi wa nane bwana alipita tena saa ya chakula. Aliwakuta wote watatu wima. Akavua kofia, akasema kwamba heshima hiyo ya kusimama kwa ajili yake imemgusa sana, wanaweza kukaa.

Placide alitafsiri neno kwa neno.