Matanga ya Nyimbo za Wapagazi

Pelagia alikitangaza kifo kwa mdomo wake mwenyewe. Jumamosi ile alasiri, wimbo wa mwisho ulipokwisha, aliwaambia wasikilizaji kwamba kipindi chake cha nyimbo za wapagazi kimefariki, mazishi Jumamosi ijayo. Alitania ili asilie. Dizeli ilikuwa imeadimika nchi nzima, na Bwana Yoramu, mkuu wa kile kituo kidogo cha redio ya masafa ya kati pale Tabora, alikuwa ameamua jenereta iwashwe kwa habari na kilimo tu.

"Nani anasikiliza vizee vikiimba habari za mizigo?" alimuuliza.

Swali lile lilimuuma Pelagia. Wazee wale aliwafuata kwa baiskeli mpaka Isikizya, akawarekodi mmoja mmoja, na wengine walikuwa wameshakufa. Ila alisahau jambo moja: Tabora msiba hautangazwi hivi hivi.

Jumamosi ya mazishi alikuta ua wa kituo umefurika. Wanawake wameketi mikekani, khanga viunoni. Watu wa Isikizya wameleta asali, wa Igunga wameshuka kwenye lori na mchele. Nargis, mwenye mashine ya kusaga mjini, alikuja na pipa la dizeli juu ya mkokoteni.

"Rambirambi hii, dada," alisema. "Saa ya kipindi chako mashine yangu huwa naizima. Wateja wanagoma, eti inawapigia kelele."

Na mlangoni pa studio alikuwa amejilaza Shomari, fundi wa reli, Mzaramo, amejifunika shuka jeupe gubigubi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akiwa msibani hufanya atakalo. Kumkasirikia ni aibu ya kuhama mji.

Yoramu, Mnyamwezi na mzee wa kanisa, alitoka amefura. "Ondoka mlangoni!"

"Maiti haondoki," alijibu Shomari ndani ya shuka. "Nyie mlibeba mizigo mpaka pwani kwetu mkiimba, mkatunyima usingizi. Leo mnazika nyimbo bila kutuuliza sisi tuliokesha?"

Watu wakaangua kicheko. Pelagia alimkazia macho Yoramu. Akikasirika huyu, basi tena. Yoramu aliuma midomo. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, mtani. Unataka nini?"

"Rambirambi imeshapokelewa. Jenereta iwake."

Yoramu alilitazama pipa. Rambirambi hairudishwi, hata yeye alilijua hilo. "Dizeli ya msiba itumike msibani," alisema. "Ila matanga yakianuliwa, kipindi kwisha."

"Na anayeanua matanga ni nani?"

"Mtani!" ua mzima ukaitika.

Shomari aliinuka, akalikunja shuka lake kwapani. "Basi sianui ng'o."

Pelagia aliingia studio. Alilia kwanza, akalia vya kutosha, ndipo akafungua maikrofoni.

Mwisho wa mwezi lori la Igunga lilileta pipa jingine. Yoramu alilipokea mwenyewe, kisha akatembea mpaka stesheni kumtafuta Shomari.

"Mtani," alisema, akiangalia pembeni, "matanga yale usithubutu kuyaanua. Jumamosi ijayo anaimba baba yangu."