Kalipa Nyekundu

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, fundi rangi wa kampuni ya mabasi alifungua gurudumu la mbele la basi la nne. Aliosha kalipa za breki, vile vyuma vinavyobana diski, kwa maji ya sabuni, akasugua vumbi la pedi kwa mswaki mkuukuu, akafunika uso wa diski kwa gazeti, kisha akapulizia kalipa rangi nyekundu isiyoungua kwa joto. Rangi ya wengine ilibanduka ndani ya mwezi. Yake ilikaa mwaka mzima. Lakini bosi alitaka zing'ae upya kila Ijumaa, siku ya ukaguzi, kwa sababu rimu zilikuwa na matundu, na mkaguzi wa magari hakuwahi kufungua gurudumu hata siku moja. Alichungulia tu kwa tochi ya simu.

Diski zenyewe zilikuwa zimelika mpaka zikawa nyembamba, na kalipa zilivuja kwa ndani. Zilitoka basi la pili, lililomuua mume wa fundi rangi akiliendesha kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto. Basi lilipondeka, kalipa hazikupata hata mchubuko. Bosi alizipangusa kwa leso yake, akasema vitu vizuri namna hii havitupwi, akaamuru zifungwe basi la nne. Msibani alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mungu wa watu akasingiziwa mchana kweupe.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja chini kwenye kalipa, mwingine juu kwenye pedali, na bosi hakutaka kuajiri wa pili. Kwa hiyo wiki tatu baada ya mazishi, mumewe mwenyewe alianza kuja kukanyaga. Mlinzi alimwandika kwenye daftari la wageni. Kwenye safu ya kazi aliandika "marehemu", akampa kalamu atie sahihi.

"Kanyaga," mkewe alisema Ijumaa moja.

"Nimekanyaga."

"Achia."

"Mama watoto, hii inazama mpaka chini. Mimi sina hata uzito wa kuku, na inazama."

Basi la nne liliendeshwa na mdogo wa marehemu. Fundi rangi alirudisha gurudumu, akaenda kumwita bosi. Bosi alikuja na kikombe cha chai, akamsalimia marehemu, akauliza za huko.

"Diski mpya mwezi ujao," alisema.

"Hata mimi uliniambia mwezi ujao," marehemu alijibu.

Bosi aliinama, akachungulia kwenye matundu ya rimu. "Mbona safi."

Fundi rangi alipandwa na hasira. Alimwambia bosi usoni kwamba anaua watu. Bosi alimkabidhi kopo jipya la rangi, akamkumbusha asisahau magurudumu ya nyuma.

Shemeji yake alifika na mkoba wake, akagonga rimu kwa ncha ya kiatu. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alitania.

"Shemeji, usiende nalo."

"Nikigoma mimi, pale getini wako kumi wanaoungoja ufunguo huu."

Marehemu kaka yake alinyoosha mkono ampokonye. Ufunguo ulipita katikati ya kiganja chake, ukaanguka sakafuni. Shemeji aliuokota, akamshukuru kaka yake kwa nia njema. Saa nne mkaguzi alimulika tochi yake, akausifu wekundu ule, akagonga muhuri.

Basi lilipinduka alasiri, kwenye mteremko ule ule. Abiria walitolewa madirishani, wengine wamevunjika miguu. Dereva alitolewa mwisho, mguu wake ungali umebana pedali. Kalipa hazikupata hata mchubuko.

Ijumaa iliyofuata zilikuwa kwenye basi la sita. Mlinzi aliongeza mstari kwenye daftari lake. Fundi rangi alipiga magoti, akafunika diski kwa gazeti, akapuliza rangi, akashika spana.

"Kanyaga."

"Kaka, sogea kidogo," ilisema sauti ya pili huko juu. Kisha wakajibu pamoja, "Tumekanyaga."

"Inazama?"

"Inazama."

Alirudisha gurudumu, akaenda kumwita bosi. Bosi alikuja na chai yake, akawasalimia marehemu wote wawili, akainama kuchungulia kwenye matundu.

"Safi," alisema. "Na sasa mko watatu, saa tatu muwe mmemaliza."