Mlango wa Abasia ya Kelbrae

Mause Elliot alikubali kuolewa, ila kwa sharti lililomnyima mwenzake usingizi: wafungie ndoa mlangoni pa abasia, kama walivyooana watu wa kale, nje mbele ya mlango, ndipo waingie kusali. Sasa hapo ndipo palipokuwa pagumu. Abasia ya Kelbrae, nyumba ya kale ya watawa, haikuwa na mlango. Waingereza waliichoma, dini ilipobadilika watawa wakafukuzwa, na yaliyosalia wanakijiji waliyabeba jiwe moja moja, mchana kweupe, bila haya. Mause ndiye aliyewatembeza wageni pale magofuni, na kila alipofika kwenye pengo la ukuta wa magharibi alisema, "Hapa palikuwa na mlango mzuri kuliko yote bondeni. Wezi wale, Mungu anawaona."

Ninian Turnbull, mfugaji wa miaka sitini mwenye tumbo la kumtangulia, alimpenda mjane huyo mpaka akawa haambiliki.

"Mwanamke wewe, kanisa lipo, lina paa, lina hita," alimsihi. "Mlango nitautoa wapi mimi?"

"Ukikosa mlango, umekosa mke," Mause alijibu, akamwongezea chai.

Basi theluji ilipoyeyuka, Ninian akaanza kupaka chokaa zizi lake la ng'ombe. Alipaka kila mwaka, kama baba yake na babu yake. "Paka, usiulize," marehemu baba alimwusia, naye hakuuliza. Turnbull na kuuliza wapi na wapi! Ila safari hii ng'ombe wake Hawkie alikuwa na muwasho, kajikuna kwenye mwimo wa mlango baridi nzima, chokaa imebanduka vipande vipande. Ninian akainua brashi, akakutana uso kwa uso na malaika wa jiwe, kavimbisha mashavu, anapuliza tarumbeta.

Akakwangua kidogo, vikatokea vichala vya zabibu. Akakwangua tena, likatokea tao zima. Furaha ikamjaa, na hofu ikaja mguu kwa mguu nyuma yake. Mlango kaupata, lakini wezi nao kawapata, na ni ukoo wake. Mwanamke anayewalaani mbele ya wageni ataolewa nao? Angeweza kupaka tu, siri ikalala kama ilivyolala. Alichovya hata brashi. Kisha akaitupa ndooni, akaenda kumwita.

Mause alisimama mbele ya zizi. Akapapasa zabibu, akapapasa mashavu ya malaika. Ninian akavua kofia.

"Nitukane tu," akasema. "Wezi ni sisi. Nilikuwa sijui, naapa, ila ni sisi."

Mause akaangua kicheko, akacheka mpaka akamwegemea Hawkie.

"Mzee wangu, unalikumbuka lile jiwe la bibi yangu la kukandamizia jibini?"

"Lile zito? Nani asiyelikumbuka?"

"Ni jiwe la kaburi la abati, mkuu wa watawa. Chini limechongwa uso wake. Kila jibini la kwetu lilitoka na alama ya pua."

"Na miaka yote hii unatulaani sisi?"

"Ulitaka nijilaani mwenyewe mbele ya wageni?"

Wakaoana mwezi wa Juni, mlangoni pa zizi, mchungaji wa kanisa akiwa kasimama juu ya majani makavu asije akaharibu viatu. Mvua ikanyesha kama kawaida yake, na hakuna aliyeijali. Fidla ikalia, wiski ikazunguka, jibini likaliwa kwa mikate ya shayiri, na pua akapewa bwana harusi.

Mpaka leo Mause akifika na wageni kwenye lile pengo, huwavusha malisho mpaka zizini.

"Mlango wenyewe ndio huu," huwaambia. "Uliibwa. Na mwizi ni yule pale anayekamua. Nimeshamkamata, na simwachii."