Sanad ya Jikoni

"Ile mgeni yako hasikii baridi, dada Sheikha?" Ndivyo Alka alivyouliza siku moja, akichungulia juu ya uzio wa bustani zao kule Harrow. Alka ni mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hajakiacha.

"Kafa zamani za masultani, shoga. Baridi ataisikia wapi?"

"Basi hata chai?" Alka akapitisha birika.

Mgeni mwenyewe alikuwa Bibi Nusra binti Amir wa Halab, ambaye enzi za uhai wake wanaume walivuka jangwa kuja kusikia hadithi za Mtume kinywani mwake. Sasa alikuja kila baada ya alasiri, vumbi la Halab mabegani, akakaa kando ya jiko huku Bi Sheikha akimenya viazi. Bi Sheikha ni mjane, shule aliishia ya msingi, lakini sikio lake halidondoshi kitu. Bibi husema hadithi za kitabu chake moja moja, yeye hurudia. Akikosea, Bibi hugonga meza kwa kijiko.

Baridi ilipokwisha, kitabu nacho kikaisha. "Nakupa ijaza, idhini yangu," Bibi akasema. "Somesha. Na kila hadithi isomwapo, tutajwe, mimi na wewe. Elimu isiyotajwa ilikotoka ni ya wizi."

Bi Sheikha alipiga kigelegele mpaka Alka akatoka na upawa mkononi, naye akapiga chake.

Msikitini, mwenyekiti wa kamati, Maalim Muhiddin, alikuwa akipanga viti vya hafla ya kumkumbuka Bibi Nusra huyo huyo. Aliposikia kwa Bi Sheikha habari ya ijaza, kiti kilimponyoka.

"Allahu akbar! Mashekhe wakubwa sanad zao, minyororo ya wapokezi, zina majina chungu nzima mpaka kumfikia. Wewe umepokea kwake mwenyewe! Wenzetu watakufa kwa wivu."

"Basi nisome siku hiyo?"

"Msomeshe mwanangu Mahir, atasoma yeye. Nyinyi mna chumba chenu juu, na spika mpya."

"Bibi alisomesha wanaume, Maalim, ameegemea nguzo ya msikiti."

"Huko Halab, Bi Sheikha. Hapa tuna kamati."

"Lakini tutatajwa?"

"Wallahi mtatajwa."

Akamsomesha Mahir, hadithi na majina ya sanad.

Siku ya hafla watu walijaa hadi ngazini. Juu, wanawake walimpa Bibi Nusra kiti cha mbele na sambusa za moto. Bi Sheikha hakuweza kukaa. Sauti ya Mahir ikapanda, tamu kama halua:

"Amenihadithia mtu wa Harrow, naye kahadithiwa na mwanachuoni wa Halab..."

Takbiri zikatikisa madirisha.

"Taja majina, mwanangu!" Bi Sheikha akaipigia kelele spika. Spika ilikuwa ya kusikilizia tu.

Bibi Nusra akaweka kikombe chini. Akashuka ngazi, akapita katikati ya safu za wanaume, nao wakajisogeza kwa adabu. Maalim Muhiddin, kwenye maikrofoni, akamshukuru kwa kuhudhuria. Bibi akafungua mlango mwenyewe, akatoka.