Siku Niliyoandikishwa Upagazi

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya kuandikishwa upagazi, mwaka 1870, na nyuma ya meza, mahali pa karani, palikuwa na jora la merikani, kile kitambaa cha pamba cha biashara, likiuliza majina.

Kwanza niseme mimi ni nani. Naitwa Kalunde, nina miaka arobaini na mitatu, na kazi yangu ni kusoma mita za maji hapa Tabora. Wiki tatu zilizopita nilijiunga na kikundi kinachoigiza misafara ya kale. Ni watu wazima wenye shughuli zao, lakini Jumamosi huvaa kama wapagazi wa enzi za pembe za ndovu na majembe, wakajitwika mizigo na kutembea mpaka jua linapokuwa kali. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Kapaya, mstaafu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alinipa karatasi ya masharti kwa wanaoanza, kisha akaniambia kwamba Jumamosi hii wanawake watabaki kambini kupika, maana hana uhakika kama zamani walibeba.

"Bibi yangu alisema bibi yake alibeba mpaka pwani," nikamwambia.

"Aliitwa nani?"

Bibi alifariki bila kulitaja jina hilo, nami sikuwahi kumuuliza.

"Lete chanzo, Kalunde. Ukileta chanzo, utabeba."

Nililala na maneno hayo.

Sasa niko mbele ya meza. Jora linajikunjua kidogo na kunitazama kwa pindo lake.

"Sharti la kwanza," linasema. "Hakiingii kitu ambacho mwaka huu bado hakijatengenezwa."

Zipu ya gauni langu inashuka yenyewe. "Mimi bado," inasema, inateremka mgongoni na kwenda zake kama jongoo. Nalishika gauni kwa mkono. Soli za viatu zinafuata, ya kushoto kwanza. Kovu la chanjo ya kifua kikuu linaomba radhi, linasema lingependa kubaki ila halina ruhusa, na bega langu linabaki laini.

"Wewe umezaliwa lini?" jora linauliza.

"Themanini na mbili."

"Mia saba themanini na mbili?"

"Mia tisa."

"Kwa hiyo hupo."

"Sipo," nikasema, "lakini nimefika."

Jora likachukua kalamu. Likaandika: Hayupo, amefika.

Sharti la pili la kikundi linasema vazi likionekana sawa kwa umbali wa hatua kumi, linatosha. Ndiyo maana Mwalimu Kapaya alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu. Nikamsogelea nimwulize juu ya mzigo. Ardhi aliyosimamia ikarudi nyuma pamoja naye, hatua kwa hatua, bila yeye kuinua mguu.

"Kwa hapa unaonekana sawa," akasema.

"Basi nipe mzigo, Mwalimu."

"Chanzo, Kalunde."

Nikageuka kukitafuta. Uwanja ukawa ukumbi wa ofisi yetu ya maji, na ukumbi, nilipoufuata mpaka mwisho, ukawa mteremko wa mawe wenye nyasi kavu. Chini ya jiwe moja maji yalikuwa yakitoka. Yamefungwa mita. Kwa mazoea nikachuchumaa kuisoma, nikakuta inahesabu kurudi nyuma.

"Wewe ndiye chanzo?" nikauliza.

"Chanzo cha pili," maji yakajibu. "Mimi nimesikia tu. Chanzo cha kwanza kimepita hapa asubuhi, kwa miguu."

"Wanawake walibeba?"

"Sijui walibeba nini. Najua walivyokunywa. Wanaume waliojitwika pembe begani walizitua kwanza, wakalala kifudifudi, wakaninywa kama ng'ombe. Wanawake hawakutua. Walishuka kwa magoti, shingo imenyooka, wakachota kwa mkono mmoja na mwingine ukiwa juu umeshika mzigo."

Nikahisi kitu kifuani, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba niliyodhani haina mwenyewe.

"Niandikie hayo," nikasema.

"Mimi ni maji, dada. Nikiandika nani atasoma?"

Sikuwa na chupa. Sikuwa na ndoo, kwa sababu plastiki ilikwisha kuniacha njiani bila kuaga. Lakini niliambiwa nilete chanzo, na kurudi mikono mitupu sikukubali. Nikashuka kwa magoti, nikachota kwa mkono mmoja, nikajaza mdomo, nikaufunga.

Njia ya kurudi ni ndefu kuliko ya kuja. Jua linapanda. Mbwa mmoja ananiuliza saa, simjibu. Mawe yananikata nyayo, nami nasema moyoni, leo sitatema, hata nikikutana na nani.

Nikaukuta msafara umejipanga kuondoka. Mbele wanaume na pembe zao. Nyuma yao palikuwa na mwanamke mmoja mrefu, mweusi tii, mwenye nywele nyeupe na miguu iliyopauka kwa vumbi. Kichwani amebeba furushi la majembe, nayo yalikuwa yakibishana nani alale chini. Alikuwa na masikio ya bibi yangu, yale yanayosimama kama vishikio vya sufuria. Mimi pia ninayo.

Akanitazama, akangoja.

Nilijua anachongoja. Mtu mzima haangaliwi hivihivi. Lakini kinywani mwangu kulikuwa na ushahidi wangu wote, na Mwalimu Kapaya alikuwa palepale, hatua kumi, akitazama.

Nikakimeza chanzo.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Nilidhani huko mlikotoka hamsalimiani."

"Tunasalimiana, bibi. Nisamehe."

Jora likajikunjua mpaka miguuni pangu. "Chanzo kiko wapi?"

"Nimekimeza."

"Hakionekani."

"Kimo."

Jora likamgeukia Mwalimu Kapaya. Mwalimu akafumba jicho moja, akanipima kutoka pale alipo, kisha akampima yule bibi, kisha akarudi kwangu. 

"Kwa hatua kumi," akasema, "siwaoni tofauti."

Yule bibi hakusubiri zaidi. Alinyoosha mkono, akachana kipande cha jora. Jora likasema hilo si jambo la kawaida. Bibi akakisokota kile kipande, akakizungusha, akafanya ngata, ule mviringo wa kuwekea mzigo, akaikalisha juu ya kichwa changu na kuikandamiza kwa viganja viwili.

"Unatembea?" akauliza.

"Siku nzima, bibi. Natembelea mita nyumba kwa nyumba."

"Sijui mita ni nini. Shingo yako itauma siku tatu, ya nne itanyamaza. Usitazame chini. Miguu inajua chini kuliko wewe."

Akagawa majembe yake, akanitwika nusu. Yalikuwa mazito kuliko nilivyotaka yawe. Nikaiambia shingo inyooke, ikanyooka.

"Bibi," nikasema, "jina lako nani?"

"Nyamizi. Hapana aliyeliandika, ndiyo maana nimelibeba mwenyewe. Na hilo shika."

Sikuona akinipa kitu, lakini mzigo ukaongezeka kidogo. Kengele ya kiongozi ikalia, mstari ukasogea, nami nikapiga hatua ya kwanza, macho mbele.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mume wangu, Masele, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anakitazama kichwa changu.

"Umelalia nini?" akauliza.

"Sijalalia kitu."

Akapitisha kidole kwenye nywele zangu, nilizozichana vizuri jana jioni. Zilikuwa zimelala, zimebanwa chini. Kidole kikafuata njia yake taratibu, kikazunguka utosi, kikarudi pale kilipoanzia.

"Mviringo," akasema.

Shingo ilikuwa inauma. Nikainuka, nikachukua simu, nikamwandikia Mwalimu Kapaya: Jumamosi nabeba. Anaitwa Nyamizi.

Kisha nikaenda uani, nikajaza ndoo ya lita ishirini, nikajitwika bila ngata. Ikakaa. Nikaondoa mikono.