Karatasi za Mwezi wa Sita

"Hapa," mtaalamu wa hali ya hewa alisema, akaigusa karatasi kwa ncha ya kalamu. "Hapa kuna kitu kilitokea."

Alikuwa amezipanga mezani, moja kwa kila mwezi: karatasi za duara, ndogo kama kiganja, zile ambazo Mpima Mvua alizitoa kwenye pampu ya kuchuja hewa kila asubuhi, akazitia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Miaka minne hiyo, hakuruka hata siku moja. Za mwanzo zilikuwa na kijivu chepesi. Kuanzia mwezi wa sita wa mwaka juzi zilikuwa nyeusi tititi.

Mpima Mvua lilikuwa jina la utani. Watu wa bondeni ndio waliompa, na kila aliposhuka sokoni kutoka kituo chake cha hali ya hewa kilimani walimwandama nalo. "Mpima Mvua, mvua yetu umeificha wapi?" Alicheka nao, lakini lilimuuma. Mawingu yalikuja, meupe, manene, yakajaza mbingu yote, kisha yakapita zao. Chombo chake cha kukingia mvua kilibaki kikavu.

"Tone halijitengenezi hivi hivi, mzee," mtaalamu alimweleza. Alikuwa na umri wa kuwa bintiye. "Mvuke unahitaji chembe ya kushikilia. Moshi ukizidi, chembe zinazidi, na maji ni yale yale. Kila chembe inapata kidogo, vitone vinakuwa vyepesi mno, vinashindwa kuanguka."

"Kama chai ya watu wawili iliyoingiliwa na wageni arobaini."

"Hapo hapo!" Mtaalamu alicheka. "Kesho nina kikao na wenye matanuri ya matofali. Nitawamwagia hizi mezani. Safari hii watafunga vichujio vya moshi, wapende wasipende. Mwezi huo wa sita walijenga tanuri jipya, sivyo?"

Hawakujenga. Mwezi huo mzee alimzika mkewe.

Miaka nenda miaka rudi mkewe alipanda kilima na chupa ya chai, saa tatu kamili, wakanywa pamoja wamekaa kizingitini pa kituo. Alipoondoka, mzee hakuweza tena kuchemsha chai nyumbani. Alinunua jiko la mkaa, akaliweka nje ya kituo, hatua tatu kutoka kwenye pampu, upande unakotokea upepo. Kila asubuhi alipuliza makaa, akamimina vikombe viwili. Nani angeufikiria moshi wa chai?

Sasa aliufikiria. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Wenye matanuri watabanwa, na huenda bondeni mvua ikanyesha. Akisema, watamcheka hadi machozi, na karatasi zake za miaka miwili zitakwenda jalalani.

"Mwanangu," alisema, "njoo nje kidogo."

Jiko lilikuwa bado la moto. Mtaalamu alilitazama, akaitazama pampu, akarudi kulitazama jiko.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Mzee! Miaka miwili?" Alijibwaga kizingitini, kalamu ingali mkononi. Kisha akaviona vikombe. "Na hiki cha pili ni cha nani?"

Mzee alimwambia. Mtaalamu aliinamisha kichwa.

"Kikao nitakisogeza mbele," alisema hatimaye. "Jiko liondoe. Tuweke karatasi mpya, tuanze upya."

Asubuhi iliyofuata mzee alichemsha chai nyumbani, mara ya kwanza tangu msiba, akaitia kwenye chupa ya marehemu na kupanda nayo kilima. Saa tatu alifungua kifuniko cha pampu.

Karatasi haikuwa nyeusi. Lakini aliiweka kando ya ile ya mwaka wa kwanza, akaipeleka dirishani, akaitazama tena. Hata bila moshi wa jiko, ilikuwa imeizidi ile kwa kijivu.

Aliandika tarehe. Kisha akamimina vikombe viwili, akakaa kizingitini. Wingu jeupe lilikuwa linapanda kutoka upande wa matanuri, na chombo cha mvua kilikuwa wazi chini yake.